Kona ya Gauni la Buluu

Kile kipande cha kitambaa kilikataa kukauka. Sesilia alikianika dirishani tangu asubuhi, kwenye jua la Agosti la Guangzhou, China, linalokausha hata mate mdomoni, pamoja na mataulo na nguo za kuogelea. Kufika mchana vyote vilikuwa vikavu. Kipande, kisichozidi kiganja, bado kilichuruzika maji.

Sesilia hakushtuka. Alikuwa muuza vitambaa wa Mbeya, na akili yake ilikimbilia sokoni: nguo gani hii inayoshika maji namna hii?

Jana yake walikwenda kwenye maporomoko ya maji milimani, kaskazini mwa jiji. Walikuwa yeye, mdogo wake Kissa anayesomea udaktari huko, na Vuai, Mzanzibari anayesoma na Kissa. Walipanda kwa miguu kati ya mianzi, wakalowa jasho, na walipofika Kissa akajitupa bwawani. Kando ya maji, juu ya jiwe, palikuwa na gauni la buluu lililokunjwa vizuri, na machungwa, na majivu ya ubani. Sasa Sesilia hakuwa mtu wa kupita kitambaa bila kukisugua kwa vidole. Hata kanisani alipapasa mabega ya walioketi mbele yake. Ulaini ule hakuwahi kuushika. Akatoa mkasi kwenye pochi, akakata kona ya pindo aende nayo soko la vitambaa la Zhongda, iwe sampo.

Vuai alimwambia kwa upole kwamba nguo iliyowekwa kando ya maji ina mwenyewe. Sesilia akacheka, akasema majini na mashetani ni mambo yenu watu wa pwani, mwenzenu nimeokoka. Kissa alipotoka kuogelea alikuwa akijisugua mguu. Alisema kuna mkono ulimshika kifundo cha mguu, ukapanda taratibu hadi kiunoni, kama wa fundi anayechukua vipimo.

Alasiri ile ya kuanika, huko Zhongda, mama mwenye duka alikipokea kipande, akakinusa, akakiangusha. "Mei you," alisema, hana, akakisukuma kwa rula mpaka ukingoni mwa meza. Kissa, anayejua Kichina, alisikiliza maneno yake mengine na uso ukambadilika.

"Amesemaje?"

"Gauni ni la msichana aliyezama," Kissa alinong'ona. "Wazazi wake wamemwekea ili atoke majini amevaa. Sasa limepungua, halivaliki. Na aliyezama hatoki hivi hivi, dada. Lazima aache mtu mahali pake."

Tangu hapo chumba chao cha hoteli kikanuka shombo na matope. Nywele za Kissa hazikukauka tena, akizifuta zinachuruzika, na kila jioni mvumo wa maporomoko ulisikika nyuma ya mlango wa bafu ambamo bomba lilikuwa limefungwa, na Sesilia alipopiga magoti kuomba, mdogo wake aliketi kitandani akimtazama kama mtu anayemtazama mgeni, huku akiimba chini chini wimbo ambao kwao hakuna aliyepata kumfundisha. Huyu ndiye mtoto ambaye Sesilia alimlea mgongoni mama yao alipofariki. Sesilia akameza aibu yake, akamwita Vuai.

"Rudisha ulichokata," Vuai alisema. "Kishone palepale."

Wakarudi watatu. Gauni lilikuwa bado juu ya jiwe. Vuai akasoma dua, na Sesilia akashona, akaikaza kona mahali pake, akakata uzi kwa meno. Papo hapo shombo iliyomganda Kissa ikatoweka. Alilia kwa furaha, uso ameufunika kwa viganja.

Alipoufunua, jiwe lilikuwa tupu. Kissa alikuwa amelivaa gauni juu ya nguo zake na limemkaa sawasawa, na nywele zake zilikuwa kavu. Vuai aliacha kusoma, akarudi nyuma hatua kwa hatua. Sesilia akaelewa alichokamilisha kwa mkono wake mwenyewe, lakini tayari vidole vya baridi vilikuwa vimemshika kiganja, vikimvuta kuelekea njia ya mianzi.

"Twende nyumbani," msichana alisema, akitabasamu.

Na nyuma yao, kutoka chini ya maji, ikaja sauti aliyoijua tangu ikiwa ya kitoto.

"Dada Sese, mbona unaniacha?"