Kitasa cha Mlango wa Kutokea

Jumanne asubuhi, saa mbili kasoro robo, Marcella Keough aliingia shuleni kwa mlango wa nyuma, akafuata mishale ya njano sakafuni hadi katikati ya korido, na hapo mishale ikakoma. Alidhani ni macho. Akapangusa miwani, maana tangu barakoa ziingie miwani yake ilikuwa na ukungu kutwa. Akatazama tena. Mishale ya kuingilia ilikuwapo yote. Ya kutokea haukubaki hata mmoja. Akaenda hadi mlango wa mbele, akanyoosha mkono kushika kitasa, akashika hewa. Kitasa hakikuwapo. Pamebaki tundu tu, na upepo wa bahari unapiga mluzi humo.

"Yesu na Maria," alisema Marcella.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Marcella alikuwa karani wa halmashauri ya Cuddihy, kijiji cha wavuvi kule Newfoundland, na mwongozo wa kufungua maduka na shule wakati ule wa ugonjwa ulikuwa kazi ya mikono yake. Serikali ilitoa maneno. Yeye ndiye aliyeyapa miguu. Kila jengo lenye milango miwili, watu waingie kwa mmoja watoke kwa mwingine, wasipumuliane usoni. Kwanza aliandika waingie mbele watoke nyuma. Lo! Cuddihy nani anaingia kwa mlango wa mbele? Mlango wa mbele ni wa padri, wa polisi na wa jeneza. Jirani huingia nyuma, tena hapigi hodi, maana anayepiga hodi ni mgeni. Wiki nzima watu waligongana vichwa kwenye milango ya nyuma, hawa wakitoka, wale wakiingia, mpaka Marcella akasalimu amri akageuza mishale yote. Ingia nyuma, toka mbele. Mambo yakanyooka, naye akajipongeza kwa kikombe cha chai.

Sasa leo saa nane mchana mkaguzi alikuwa anakuja kutoka mjini. Wakubwa walikuwa wakitafuta sababu ya kuifunga shule ya Cuddihy tangu zamani, watoto ni wachache mno. Masharti yalikuwa wazi: pasipo milango miwili inayofanya kazi, shule haifunguliwi kesho, na watoto watapandishwa basi hadi shule kubwa ng'ambo ya milima. Wakishaenda huko, hakuna wa kuwarudisha. Kijiji kisicho na shule watu huhama, na Marcella hakutaka kuwa karani wa nyumba tupu.

Akachuchumaa mlangoni. Kando kabisa, mtu asije akakanyaga, skrubu zilikuwa zimefungwa pamoja kwa uzi wa sufu wa kijivu; akazitia mfukoni hivyo hivyo. Mishale iliyobanduliwa haikuchanwa. Ilikunjwa vizuri ikawekwa juu ya kiti.

"Mwizi gani huyu mwenye adabu hivi?" alijiuliza.

Kabla hajainuka simu ikalia. Ilikuwa ni Leander Power, mwenye duka. Na yeye kitasa cha mlango wake wa mbele kimeondoka. Marcella akapita ukumbi wa kanisa: hali ni ile ile. Akapita posta: pale hakuna kilichoguswa, mishale iko mahali pake, kitasa kinang'aa. Posta ina mlango mmoja tu, lakini hilo wakati ule halikumwambia kitu.

Wa kwanza kumwendea alikuwa Gus Corrigan, mwenye basi. Shule ikifungwa, nani atawabeba watoto kuvuka milima? Gus. Akamkuta amelala chini ya basi lake, miguu nje.

"Gus, toka huko tuongee."

"Ongea tu shemeji, masikio hayana mafuta."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

Gus akajivuta nje, uso mweusi kwa grisi. "Ahaa. Vitasa. Nimeshasikia. Kwa hiyo mimi ndiye mwizi?"

"Sijasema. Nimeuliza."

"Umeuliza kwa jicho hilo, kwa hiyo umesema." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Sikiliza, shemeji. Shule ikifungwa, binti yangu atapanda basi la nani? Langu. Yule mtoto hutapika kabla hatujafika kanisani. Nimsikilize akitapika kwenda na kurudi, kila siku, mpaka aolewe? Labda nimerogwa!"

Marcella akacheka, hakutaka ila akacheka. Akatazama miguu ya Gus: soksi za sufu ya kijivu. Akatazama na yake mwenyewe: soksi za sufu ya kijivu. Cuddihy nzima ilivaa soksi zilizofumwa na mtu mmoja, Shangazi Mena Careen, kwa hiyo uzi ule ulimshitaki kila mtu, yeye mwenyewe akiwamo. Akaliacha hilo haraka, haraka kuliko ilivyompasa mpelelezi.

Akaenda dukani. Leander alikuwa na sababu. Mkutanoni mwezi wa saba alisimama akasema mishale ya Marcella ataichemsha na kabichi. Na mtu akitaka kujificha, je, si huanza kwa kujiibia mwenyewe? Akaingia kwa mlango wa nyuma, akamkuta anapanga makopo ya maziwa.

"Mama Karani," alisema Leander, "umekuja kunikamata au kununua?"

"Inategemea utakavyojibu. Mwezi wa saba ulisema nini juu ya mishale yangu?"

"Nilisema nitaichemsha. Na ningeichemsha, tena yote! Ndiyo unisikilize hapo. Mimi ningebandua yote. Huyu kaacha ya kuingilia, kachukua ya kutokea. Kwangu vile vile, ukumbini vile vile. Mtu anayechukia mwongozo wako angeukata mkate mzima. Huyu kakata pembe moja."

Marcella akamtazama upya. Alimwona Leander siku zote kuwa ni mdomo tu. Kumbe mdomo ulikuwa na kichwa nyuma yake.

"Kwa hiyo kuna mtu hataki watu watoke," alisema polepole.

"Watakosaje kutoka? Wataishi humu na makopo? Watarudi walikoingilia, basi." Leander akacheka. "Bibi yangu, Mungu amrehemu, angekupiga na ufagio kwa mwongozo huo. Kuingia mlango huu na kutoka ule! Ulikuwa ukifanya hivyo nyumbani kwake, anakwambia umeondoka na bahati ya nyumba. Lakini wewe ni wa mjini, utajuaje. Siku hizi hata sisi tunacheka."

Marcella alikuwa ameolewa Cuddihy, kazaa Cuddihy, mumewe kamzika Cuddihy, na bado alikuwa "wa mjini." Kwa kawaida neno hilo lilimuuma. Leo halikupata nafasi ya kumuuma, maana moyo wake ulikuwa umeshafika posta, kwenye ule mlango mmoja ambao mtu akiingia hana budi kutoka hapo hapo. Huko hakuna kilichoguswa. Akashika ule uzi mfukoni. Siku hizi hata sisi tunacheka, kasema Leander. Nani, basi, hacheki?

Ilikuwa saa sita alipoufikia mlango wa nyuma wa Shangazi Mena. Akaingia bila hodi.

"Karibu, mwanangu. Chai iko tayari," alisema Mena. Alikuwa mama mfupi mwenye vidole vilivyopinda kwa miaka ya kufuma na kusugua sakafu za shule ile ile. "Vua hicho kitambaa usoni, nikuone. Dirisha liko wazi."

Mkate ulikuwa wa moto, wenye molasi. Ukutani ilining'inia sare mpya ya mjukuu wake Rosaleen, aliyekuwa anaanza darasa la kwanza kesho. Marcella akanywa chai yake. Hakujua aanzie wapi. Huyu ndiye aliyemshika mkono siku ya msiba wa mumewe.

"Shule imepatwa na mkasa, Shangazi."

"Nimesikia." Mena akapanguza meza iliyokuwa safi.

"Mkaguzi anakuja saa nane."

"Hilo nalo nimesikia."

Marcella akatazama kwenye ukumbi mdogo wa mbele. Mlango wa mbele ulikuwa umezibwa kwa kochi. Juu ya kochi ulikuwapo mfuko wa plastiki wa hospitali, fundo halijafunguliwa, na ndani yake zilionekana buti za mpira za mvuvi. Ambrose Careen, mumewe Mena, alikuwa amefariki mwezi wa nne.

Akasimama. "Asante kwa chai." Badala ya kuelekea jikoni alikoingilia, akaenda mbele, akalisukuma kochi, akashika kitasa.

"Marcella!" Sauti ya Mena ilipasuka. Kiti kikaanguka. "Marcella, rudi! Toka ulikoingilia! Nakuomba, mwanangu, usitoke hapo, nakuomba!"

Marcella akaachia kitasa. Akageuka. Mena alikuwa ameshika ukuta.

"Ni wewe, Shangazi," alisema Marcella, na hakuna siku aliyochukia kuwa sahihi kama siku ile. "Ni wewe."

Mena hakukana. Akakaa juu ya kochi, kando ya mfuko.

"Siku ile aliingia na samaki mkononi," alisema. "Kwa mlango wa nyuma, kama siku zote. Akasema, Mena, kifua kinabana. Wakaja vijana wawili wamejifunika kama wapaka rangi, nao wakaingia nyuma. Kitanda chao hakikupita kona ya jikoni, wakamtoa mbele. Nikawaambia, jamani, mtoeni alikoingilia. Hawakunisikia. Wakanizuia nisipande gari. Alikufa peke yake, Marcella, mtu ambaye hakupenda hata kula peke yake. Wakamleta kwenye sanduku lililofungwa, moja kwa moja makaburini. Hakulala hata usiku mmoja nyumbani tukamkesha."

"Najua, Shangazi."

"Hujui. Unajua kwa kichwa." Akajifuta macho kwa aproni. "Halafu wewe, nikupendaye, ukaandika kwenye karatasi, ukabandika kila mahali: ingieni huku, tokeni kule. Dukani nilivumilia, na mimi nilikuwa nikitokea nyuma nilikoingilia. Lakini mtoto wangu anayeanza shule kesho? Rosaleen aingie nyuma atoke mbele, siku baada ya siku? Nimebakiza wangapi wa kutoka kwa mlango ule? Nikachukua bisibisi ya Ambrose. Nilianza na duka na ukumbi ili lisionekane ni la shule peke yake. Unaweza kunicheka."

Marcella hakucheka. Akakaa upande wa pili wa ule mfuko.

"Wangeifunga shule, Shangazi. Rosaleen angepanda basi gizani asubuhi, majira yote ya baridi."

Mena akageuka ghafla. "Nani kasema? Kwa kitasa?"

"Kwa kitasa. Milango miwili au hakuna shule."

"Mama yangu wee." Mikono ikaenda kinywani. "Mimi nilidhani utabadili tu mwongozo, watu watoke walikoingilia, kama ulivyoigeuza mishale ile mara ya kwanza."

"Ilinipasa nikuulize kabla ya kuandika," alisema Marcella. "Nimekula mkate wako miaka yote hii na sikukuuliza. Kosa ni langu kabla halijawa lako. Lakini niambie: zamani mtu akikosea mlango, hakukuwa na dawa?"

Mena akafikiri. "Ilikuwapo. Mama alikuwa akitutuma tuzunguke nyumba mbio, tukaguse mlango tulioingilia. Ukishaugusa, mambo yameisha. Umetoka ulikoingilia." Akatazama buti. "Ambrose ndiye hakuzunguka."

Halafu Mena akainuka, akafunua pipa la unga, akatoa vitasa vitatu vimefungwa kwenye taulo. Vilikuwa vinawaka kwa usafi. "Nilivisugua," alisema kwa aibu. "Vilikuwa vichafu, nikashindwa kuvitazama."

Mkaguzi alipofika saa nane, Mena alikuwa akikaza skrubu ya mwisho. Mkaguzi yule alifungua mlango wa mbele, akaufunga, akaufungua tena.

"Kitasa kipya?" aliuliza.

"Cha zamani," alisema Marcella. "Kilitolewa kikasuguliwa." Wala hakusema uongo, na halmashauri nayo iliandikiwa maneno hayo hayo. Gus akatoa risala yake kuwa ni vizuri mwizi siku nyingine alichukue na basi, lina kutu.

Jumatano mchana kengele ilipolia, watoto wa Cuddihy walitoka mmoja mmoja kwa mlango wa mbele kama mwongozo unavyotaka. Mena alikuwa amesimama kwenye nyasi, shali kichwani, barakoa imemkaa vibaya. Rosaleen akatoka wa kwanza, akakata kona mbio, akazunguka jengo zima, akaupiga mlango wa nyuma kwa kiganja. Wa pili akamfuata, na wa tatu, hadi binti wa Gus akijishika tumbo kwa kicheko. Kila aliyegusa, Marcella akamnyunyizia dawa mikononi. Mwongozo wa halmashauri ulikuwa umeongezwa kifungu asubuhi ile, kwamba atokaye mbele azunguke akaguse mlango alioingilia, na Leander alikisoma kwa sauti mlangoni mwa duka lake, akakisoma mara ya pili, kisha akaenda pembeni akapenga kamasi.

Jioni, jua likingali juu, Mena alimwita Marcella. Walisogeza kochi pamoja. Mena akachukua ule mfuko wa hospitali, akaufungua kwa mara ya kwanza, akazitoa zile buti akazikumbatia kifuani.

"Nifungulie," alisema.

Marcella akafungua mlango wa mbele. Wakatoka wote wawili, wakazunguka nyumba polepole, wakapita kamba ya nguo, wakapita rundo la kuni alizopasua Ambrose mwezi wa tatu. Mena alitembea akilia waziwazi bila kujificha. Walipofika mlango wa nyuma, Marcella aliona jambo hili lina heshima yake, akainua mkono apige hodi.

Mena akaushika ule mkono akaushusha.

"Usipige hodi," alisema. "Huyu ni mwenyeji."

Akausukuma mlango kwa bega, akaingia, akaziweka buti nyuma ya jiko, mahali pake.