Pini ya Bunduki ya Darini

Wanaosema niliota waje Rongai wamnuse mtoto mkono. Mimi kubishana nimechoka.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida kabisa, saa nne asubuhi, mahindi yameanikwa uani. Mjomba wangu Kiprotich alikuwa ameketi, mimi kando yake, barazani mwa nyumba ya mawe, ile iliyojengwa na mzungu aliyekuwa na shamba hilo zamani. Wiki hiyo, akibadilisha mabati yanayovuja, alikuta darini bunduki kuukuu ya kuingiza risasi moja moja. Alitaka kuipeleka polisi, ila mtambo wa kuifungua ulikuwa umeganda kwa kutu, na hakujua kama mna risasi ndani. Mimi ningewapigia simu waje wenyewe. Lakini mjomba ni fundi wa posho mill, zile mashine za kusaga mahindi, hakubali kushindwa na chuma, na sikio la kufa halisikii dawa.

Mamake, nyanya yetu tunayemwita Kogo Chepkosgei, alitaka iondoke kabla ya saa sita. Siku hiyo kitukuu chake, mtoto mchanga wa binamu yangu Jepchumba, alikuwa anapewa jina. Sisi ni watu wa kanisa, lakini hili hatujaliacha: akina mama humtajia mtoto majina ya marehemu wa ukoo, moja moja, na jina atakalolipigia chafya ndilo lake, kwa sababu mwenye jina ndiye amerudi. Moja tu halitajwi. Kiptalam, shemeji yake Kogo, alitumwa na yule mzungu kusafisha bunduki hiyo hiyo, kwenye baraza hiyo hiyo. Mzungu alisema ilifyatuka yenyewe ikamuua. Kaburi hakuna aliyeonyeshwa.

"Huyo akirudi, atarudi na hasira," Kogo alinong'ona mlangoni. "Toa hiyo kitu kwangu, Kiprotich."

"Dakika kumi tu, mama."

Dakika kumi zikawa saa nzima. Pini moja ndiyo iliyoshikilia mtambo wote. Mjomba aliigonga kwa nyundo na msumari hadi ikatoka, akaitumbukiza kwenye sufuria ya mafuta ya taa, akageuka kuchukua kitambaa. Aliporudi, sufuria ilikuwa tupu. Pini ilikuwa tunduni mwake, imekaza kama mwanzo.

"Nani amerudisha hii pini?"

"Mimi sijashika kitu." Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika kitako cha bunduki.

Akaitoa tena. Ikarudi. Mara ya tatu alijichuna vidole, akatukana hadi nikaona haya, maana chumbani wanawake walikuwa wameshaanza kutaja majina. Sikuwa naogopa bado. Nilikuwa na hasira tu, kama mtu anayechezewa na asiyemwona.

Mara ya nne alinitilia pini mfukoni mwa shati na kunifunga kifungo. "Kaa nayo."

Niliisikia kifuani, baridi. Kisha sikuisikia. Nikapapasa. Mfuko ulikuwa umefungwa, na ndani hamna kitu. Safari hii hata tundu lake lilikuwa tupu. Na bado mtambo haukufunguka.

Chumbani majina yaliisha. Mtoto hakuwa amepiga chafya.

Hapo ndipo mjomba aliposhindwa kujizuia. Akatupa nyundo chini.

"Kiptalam, si ukuje ufungue hii takataka yako!"

Mtambo ukafunguka.

Polepole. Hakuna aliyeugusa.

Moshi mwembamba ukatoka. Ndani mlikuwa na ganda la risasi iliyokwisha kupigwa. Nililigusa. Lilikuwa la moto.

Chumbani, mtoto akapiga chafya.

Kisha tukamsikia Jepchumba. "Kogo, ameshika nini?"

Tulikimbilia ndani. Kogo alikuwa anafungua ngumi ya mtoto, kidole kimoja kimoja. Pini. Ilikuwa inadondosha mafuta ya taa.

Kogo hakupiga kelele. Alijifunika kichwa kwa leso, akainamisha macho, akanong'ona, "Shemeji, nani alikupiga risasi?"

Mtoto hakulia. Alitazama nyuma yetu, barazani. Tulikuwa tumeingia wote. Kiti cha mjomba kikalia, kama mtu mzito anapoketi.

Mchana huo polisi walikuja wakachukua bunduki, ganda na pini. Niliwaona wakiifunga pini kwenye karatasi. Mtoto tulimbatiza Hiram, na lile jina lingine hakuna amwitaye kwalo. Lakini Jepchumba amemwosha kwa kila sabuni anayoijua, na mkono wa kulia bado unanuka mafuta ya taa.

Jumatatu polisi walipiga simu. Karatasi wanayo, walisema, lakini ni tupu. Nani kati yetu amechukua pini?

Mjomba alikata simu. Tukageuka kumtazama mtoto. Alikuwa amelala kwenye mkeka, ngumi ya kulia imefungwa. Hakuna aliyethubutu kuifungua.