Mal Moja au Nusu? Jinsi Kinu Chetu Kilivyopata Tovuti

Kinu chetu kiko nyuma ya soko la Gurye, mji mdogo wa Korea Kusini, mlango wa pili kutoka kwa fundi baiskeli. Saa kumi na moja alfajiri mkwe wangu, Mama Boreum, huwasha mashine. Mchele uliolowekwa tangu jana huingia juu ukiwa punje, hutoka chini ukiwa unga mweupe wenye unyevu. Unga hupikwa kwa mvuke. Soko linapojaa, vikate vya mchele viko mezani tayari, vyeupe, vya kijani na vya maboga. Watu hununua vya sherehe na vya ibada za wazazi waliofariki. Wengine huja na mchele wa shamba lao wenyewe, wakatuambia tuusage huo huo na tuwapikie huo huo.

Kazi hiyo niliifanya mimi miaka thelathini, kisha nikamwachia yeye. Ameifanya miaka ishirini na miwili, na mashine imekula masikio yake. Daktari alimpa kifaa cha kuvaa sikioni. Nyumbani kinamsaidia. Kinuni kinamwongezea ngurumo tu.

Shida ilikuwa simu, kwa sababu oda nyingi zilikuja kwa simu. Vikate vya mchele hupimwa kwa mal. Mal moja ni mchele kilo nane. Kwa lugha yetu mal moja ni *han mal*, na nusu yake ni *ban mal*. Sema wewe mwenyewe kwa sauti: han mal, ban mal. Mashine ikinguruma, hata mwenye masikio mazima hawezi kutofautisha.

Chuseok ya mwaka jana, sikukuu yetu ya mavuno, nyumba ya kina Gwak ilikuwa na ibada ya kwanza tangu baba yao afariki. Waliagiza mal moja ya songpyeon, vile vikate vya sikukuu vilivyokunjwa kama nusu mwezi. Mama Boreum alisikia nusu. Sinia ikaisha kabla wazee waliotoka mbali hawajaonja. Mjane hakuja kugomba. Alirudisha sanduku letu likiwa limeoshwa, akaliweka mlangoni, akaenda zake. Afadhali angetutukana.

Mwanangu, Baba Boreum, anafanya kazi idara ya maji. Maneno yake huhesabika. Mwaka huu, miezi miwili kabla ya Chuseok, alisema huku anakunywa supu:

"Likitokea kosa jingine sikukuu hii, mashine tunauza. Kuna mtu Namwon anaitaka."

Baadaye tulipokuwa tunaosha chekeche, Mama Boreum aliniuliza, "Mama, nikiacha kinu, hiyo saa kumi na moja niamke nifanye nini?"

Niliendelea kusuuza chekeche.

Mjukuu wangu Boreum ndiye aliyesema dawa ipo. Alisomea uchoraji katika jiji la Gwangju, akarudi nyumbani mwezi wa tano. Alisema atatengeneza tovuti ya kinu. Mteja ataandika oda kwenye simu yake, na mama yake ataisoma. Hakutakuwa na kusikia tena. Tulifurahi. Hata baba yake alitikisa kichwa kukubali, na kwake yeye hiyo ni hotuba.

Boreum akatafuta programu ya kuchorea tovuti. Alichagua ile aliyoambiwa kwamba wasanifu wakubwa wa Seoul wanaitumia. Ilikuwa nzito kiasi kwamba kompyuta yake ilipumua kama mgonjwa. Siku kumi na moja alichora. Alichora mwezi, sungura, matawi ya msonobari. Nikitazama, kwa kweli roho ilipendezwa.

Siku ya kumi na mbili alimtumia mama yake picha hizo. Mama Boreum akagusa mwezi. Hakuna kitu. Akagusa kitufe kilichoandikwa "Agiza". Hakuna kitu. Akaitikisa simu.

"Mama, hiyo ni picha tu," Boreum alisema.

"Sasa oda naandika wapi, mgongoni mwa sungura?"

Alikuwepo kinuni wakati huo jirani yetu Tak Jae-hui. Alitengeneza tovuti za watu mjini miaka kumi na tano, halafu akahamia kwetu kulima matunda. Bado hutengeneza tovuti siku za mvua, shambani pasipoendeka. Siku hiyo alileta mchele wa kusaga. Aliomba aione kazi. Akaitazama yote, akasifu sungura, kisha akamuuliza Boreum alikuwa anataka kujua nini kwa michoro ile.

Boreum akasema hajaelewa swali.

"Unataka kujua kama inapendeza," Jae-hui alisema, "au unataka kujua kama mteja ataweza kuagiza bila kukosea?"

"Kuagiza."

"Basi umechukua panga kumenyea kitunguu saumu. Panga si baya."

Boreum alikasirika kidogo. Alisema, "Dada, mimi nimesoma kuchora miaka minne." Jae-hui akamjibu kwamba yeye alisoma kompyuta miaka minne, na mwaka wake wa kwanza wa kulima alikata matawi yenye matunda. Tukacheka, hasira ikaisha.

Hapo akatueleza, nami nikaelewa, ingawa shule niliiacha darasa la tatu. Programu za kusanifu tovuti si za aina moja. Kuna za kuchora mwonekano: rangi, picha, mapambo. Kuna za kuunda mfano wa kugusa. Mfano huo si tovuti bado, lakini ukigusa kitufe unapelekwa ukurasa unaofuata, kama tovuti ya kweli. Ukikosewa, unabadilishwa kwa dakika chache, na hakuna mteja aliyeumia. Tena kuna programu za kujengea tovuti yenyewe, ambazo zina kurasa zilizo tayari na wewe unajaza maneno yako. Mtu akianza kwa mapambo, akija kugundua kwamba njia ya kuagiza ina kosa, anabomoa nyumba iliyokwisha pakwa rangi.

"Na kabla ya programu yoyote," alisema, "karatasi."

Tulichukua kalenda ya mwaka jana, Boreum akachora nyuma yake. Karatasi moja ukurasa mmoja. Jae-hui akaniomba mimi niwe mteja. Boreum alisema Bibi anasoma polepole. Jae-hui akasema ndiyo maana anamtaka Bibi. Nikagusa karatasi kwa kidole, Boreum akaiondoa akaweka nyingine, kana kwamba yeye ndiye simu. Tulipoteza njia mara tatu, na kila mara Boreum aliona mahali pa kurekebisha. Ilichukua muda wa kupika chungu kimoja cha vikate.

Baada ya hapo ndipo Boreum alipotafuta programu ya mfano wa kugusa. Jae-hui hakumtajia jina. Alimwambia achukue tatu, kila moja aipe saa moja, na azipime kwa kazi yetu sisi. Aandike maneno yetu wenyewe, si maneno ya kujaziliza. Aufungue mfano kwenye simu ya mama yake yenye kioo cha ufa. Atazame kama mtu mwingine anaweza kuufungua kwa kiungo tu, bila kupakua kitu wala kujisajili. Aone kama anaweza kuitoa kazi yake na kwenda nayo kwingine. Na asilipie chochote cha mwaka mzima kabla ya kumaliza kazi moja ndogo kwa ile ya bure.

Ya kwanza ilitengenezwa ng'ambo, na maandishi yake mazuri hayakuwa na herufi zetu. Neno "vikate" likatoka visanduku vitupu. Ya pili ilimtaka kila mtazamaji ajisajili. Boreum akamtazama Bibi wa Hwasun, mteja wetu wa miaka sabini na minane aliyekuwa anachagua vya maboga, akaifunga. Ya tatu ilikuwa ya kawaida sana kwa sura. Ilifunguka ndani ya kivinjari, herufi zetu ilizijua, na kiungo kilifunguka kwenye simu yenye ufa. Akaichukua hiyo. Kufikia jioni mfano ulikuwa tayari, hauna hata sungura mmoja.

Siku ya soko tukamkalisha Bibi wa Hwasun kwenye kiti karibu na mlango. Sisi tunamwita hivyo kwa kuwa aliolewa akitokea Hwasun, na jina lake la kweli limebaki benki. Jae-hui alituonya tusimsaidie wala kumwonyesha kwa kidole. Tutazame tu.

Bibi wa Hwasun akavaa miwani. Akasoma. Uso ukabadilika.

"Nani ameandika hii?"

Boreum akajitaja.

"Inaniambia, 'Andika jina.' 'Chagua.' 'Lipa.' Mimi ni mtoto wake? Halafu hapa chini imeandika yenyewe bila aibu: banmal."

Kwanza hatukuelewa. Kisha Jae-hui akashika mbavu. Kwetu banmal ni nusu mal, lakini pia ndilo jina la namna ya kumsemesha mtu bila heshima, kama unavyomsemesha rafiki wa rika au mtoto. Programu ilikuja na maneno yake tayari, mafupi, ya kuamrisha, na Boreum aliyaacha. Chini yake akaweka kitufe cha nusu mal. Basi bibi wa watu akaona simu inamkosea adabu na kujisifia.

Tulipomaliza kucheka akaendelea. Akashuka chini, akapanda juu, akaguna. Alikuwa anatafuta mahali pa kusema kwamba mchele ataleta wake, wa mwanawe. Hapakuwepo. Boreum alikuwa amesahau, maana kwenye maduka aliyoyaona mjini hakuna mteja anayekwenda na mchele wake. Bibi akaiweka simu mezani.

"Basi mimi nitapiga simu tu," alisema.

Nilimtazama Mama Boreum. Alikuwa amesimama kando ya mashine, hakuisikia kauli ile, lakini aliona simu ikiwekwa mezani. Alielewa.

Boreum naye aliona. Hakujitetea. Alivuta kompyuta, akakaa hapo hapo kwenye magunia. Kila neno aliligeuza kuwa la heshima: "Tafadhali tuandikie jina lako." Neno banmal akalifuta kabisa. Akaweka sanduku kubwa lenye maneno "mchele kilo nane, watu hamsini", na sanduku dogo lenye "mchele kilo nne, watu ishirini na tano". Mwanzoni kabisa akaweka swali: mchele wako, au wetu? Mwishoni oda nzima ilirudi ikisomeka kwa maandishi makubwa, ikimwomba mteja athibitishe. Bibi wa Hwasun hakuwa amemaliza hata chai. Akajaribu tena. Alifika mwisho peke yake, akatuuliza kama vikate vyake vinakuja sasa hivi.

"Huu ni mfano, Bibi," Boreum alimwambia.

"Mfano gani unanitia njaa?"

Mfano ulipopita mikononi mwa watu saba, ndipo Boreum alipochagua programu ya kujengea tovuti yenyewe. Sasa alijua anachotafuta. Aliziuliza zote swali moja: unaweza kumuuliza mteja mchele ni wa nani? Mbili zilizosifiwa sana hazikuweza. Zilijua kuuza tu. Ya tatu iliweza, nayo ndiyo tunayoitumia hadi leo. Michoro yake ya siku kumi na moja haikupotea. Mwezi na sungura mmoja wako juu ya ukurasa wa kwanza, wamekaa mahali pao.

Wiki ya Chuseok ilifika. Boreum alitundika kishikwambi ukutani mbele ya mashine, ndani ya mfuko wa plastiki ili unga usikiingie. Oda ilipoingia, kioo kilibadilika rangi. Mama Boreum alisoma huku mashine inanguruma, akapima, akasonga mbele. Nyumba ya kina Gwak waliagiza sanduku kubwa. Alilifunga yeye mwenyewe, na mwanangu akalipeleka. Jioni mjane alituma ujumbe wa neno moja: vimetosha.

Siku tano, oda mia moja na kumi na mbili. Hakuna iliyokosewa.

Siku ya kuamkia sikukuu, saa kumi jioni, tulikuwa tunafagia. Kioo kikabadilika rangi. Mama Boreum alisogea akasoma, halafu akauweka ufagio chini. Nilidhani kuna kosa. Nikavaa miwani nikasoma polepole, kama kawaida yangu.

Sanduku dogo la songpyeon. Mchele wenu. Jina la mteja: mwanangu. Mahali pa maelezo alikuwa ameandika:

"Shikamoo, mwenye kinu. Mtu wa Namwon nimeshamwambia asije. Ukimaliza hii, tafadhali pumzika leo, nami nitaosha vyombo vya mvuke."

Tangu waoane, miaka ishirini na sita, hajawahi kumsemesha mkewe kwa lugha ya heshima. Kwake ni banmal asubuhi, banmal jioni. Boreum alisema labda maneno ya ukurasa yamemwambukiza baba.

Mama Boreum aliisoma mara ya pili. Kisha akafunga aproni upya na kumimina mchele uliolowekwa, kilo nne, kwenye mashine, akaiwasha.