Masizi Juu ya Jina

Kibandiko kilikuwa na doa. Mwandika vibandiko wa jumba la sanaa alikifuta kwa kitambaa, akasogea kwenye picha ya pili, akakuta doa lingine la masizi, limekaa juu ya jina la msanii tu. Picha thelathini, madoa thelathini. Alinusa kidole, kikanuka mafuta ya taa, kama kibatari.

Kibatari alikuwa nacho marehemu dada yake, aliyechora kwa moshi. Alishika karatasi juu ya moto, akauongoza moshi kwa pumzi zake mpaka sura ya mtu itokee. Kazi hiyo haitaki upepo, kwa hiyo madirisha yalifungwa. Siku ya mwisho kifua kilimbana, akamwomba mumewe afungue dirisha. Jirani alimsikia mume akisema amalizie kwanza picha iliyobaki, kisha akasikia mlango ukifungwa. Mume aliporudi, picha ilikuwa imekamilika na mkewe ameshakata roho.

Leo picha hizo zilikuwa ukutani kwa jina la mume. Mdogo mtu alikuwa ameandika vibandiko kwa jina la dada yake, shemeji akavibandua kimoja kimoja.

"Marehemu hahitaji jina, shemeji," alimwambia kwa sauti ya chini. "Tunaohitaji ni sisi tulio hai."

Naye mdogo mtu akaandika vingine, kwa kuogopa kufukuzwa kazi. Hilo ndilo lililomkaa rohoni. Alijichukia.

Alasiri ukumbi ukajaa wasanii wa majaribio. Mmoja huchora kwa kutu, mwingine aliwahi kutundika mlango mzima akauita picha. Wote walimsifu mume mfiwa, naye akazipokea sifa kwa utulivu wa paka aliyeshiba. Mchora kutu alipomuuliza moshi unaongozwaje, alipewa maelezo marefu yasiyo na kichwa wala miguu.

Wakamtaka aseme machache. Alisimama katikati ya ukumbi, akaanza, "Kazi hizi ni za..." akakohoa. Akaanza tena, akakohoa tena, na safari hii uzi mwembamba wa moshi ukamtoka kinywani.

Wageni wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya onyesho.

Harufu ya mafuta ya taa ikatanda, na sura ukutani zikaanza kufifia, moja baada ya nyingine, masizi yakishuka kutoka kwenye karatasi, yakitambaa sakafuni kama siafu, yakipita katikati ya viatu vya wageni waliosogea pembeni kuyapisha huku wakinong'ona kwamba hawajawahi kuona ubunifu wa namna ile, yakapanda suruali ya mfiwa, yakapanda shati, yakamwingia kinywani na puani, naye akitoa macho, na makofi yakizidi.

"Shemeji," alikoroma. "Dirisha."

Mdogo mtu alikimbilia dirishani, akashika komeo. Pumzi ya moto ikamgusa sikioni, na sauti aliyoizika miezi mitatu iliyopita ikamwambia taratibu:

"Bado, mdogo wangu. Sijamaliza."

Akaliachia komeo.

Mfiwa alipoanguka ndipo makofi yalipokatika. Ukutani zilibaki karatasi nyeupe thelathini. Wapo waliosema ni jini, wapo waliosema ni mzimu wa mkewe. Mganga aliyeitwa hospitali alikolazwa mfiwa aliishia mlangoni, akasema aliyemo ndani ya huyu hatoki, kwa sababu amekuja kufanya kazi yake.

Siku ya tatu daktari alimwita mdogo mtu faragha. Alikuwa na picha ya eksirei ya kifua, akaitundika kwenye taa. Kwenye mapafu ya mgonjwa palikuwa na uso wa mwanamke, kila unywele mahali pake. Chini ya uso, kwa mwandiko uliolalia upande mmoja, palikuwa na jina kamili.

"Unamfahamu huyu?" daktari aliuliza.

Mdogo mtu alilisoma jina la dada yake kwa sauti. Nyuma ya pazia, kitandani, shemeji akaanza kukohoa.

Akalisoma tena.