Vidole vya Bwana Majani

Enyi waungwana mliojaa ukumbini, wakubwa kwa heshima zenu na wadogo kwa nafasi zenu, nawaomba masikio na subira. Hadithi ninayowaletea ina mwenyewe, nami nitamtaja kabla sijaketi. Mkiona nataka kushuka bila kumtaja, nishikeni nguo, kwa kuwa usahaulifu wa namna hiyo ndio uliomponza mtu ninayetaka kuwasimulia.

Alikuwa mfinyanzi wa vyombo vya mapambo, na karakana yake ilikuwa chumba cha uani, kati ya jiko na kamba ya kuanikia nguo. Mwenyewe alijiita Mwana wa Asili. Majirani walimwita Bwana Majani, kwani hakuna bakuli wala sahani iliyotoka mikononi mwake bila kuchorwa jani. Wageni walipokuja kutazama kazi, alifumba macho, akavuta pumzi ndefu, akasema, "Asili huninong'oneza. Mimi nasikiliza tu." Ukweli ni kwamba majani yake aliyanakili kwenye kalenda ya mwaka juzi iliyoning'inia nyuma ya mlango. Jongoo akikatiza uani, alimwita mkewe. Mti pekee uliokuwapo aliukata, kwa sababu ulikuwa ukimchafulia ua kwa majani.

Mkewe alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa chumba cha mbele. Alikuwa na macho.

"Mbona majani yako yote yamepigwa pasi?" alimwuliza siku moja. "Jani la kweli lina kasoro yake."

"Wewe shona, mama. Sanaa niachie mimi."

Nyuma ya ukuta wa ua kulikuwa na kichuguu, kirefu kama mtu aliyechuchumaa, chenye udongo mwekundu usio na hata chembe ya kokoto. Mke alimwomba asikiguse. "Kile kina wenyewe," alisema. Mumewe akacheka. "Wenyewe ni mchwa." Mwana wa Asili akachemsha maji sufuria nzima, akayamimina katika tundu la juu, akangoja mpaka ndani kukawa kimya, kisha akachimba.

Adhuhuri moja alimaliza bakuli la udongo ule, akalichora jani, akalifunika kwa nailoni lisikauke upesi, akaenda kula. Aliporudi, jani halikuwa lile aliloliacha. Pembeni lilikuwa limeliwa na kiwavi. Alama za meno madogo zilionekana moja moja, na mshipa mmoja wa jani ulikuwa umepinda kulikwepa tundu, kana kwamba uliumia. Dirisha lilikuwa limefungwa, na mvua haikuwa imenyesha kwa miezi miwili, lakini chumba kilinuka udongo uliotoka kunyeshewa.

Mtu mwenye haya angeuliza. Bwana Majani alitazama kushoto, akatazama kulia, akaligeuza bakuli, akabonyeza dole gumba chini ya kitako. Hiyo ndiyo iliyokuwa sahihi yake.

Tangu hapo kazi ikafanyika wakati wa chakula. Mume na mke wakiwa mezani, walisikia gurudumu la kufinyangia likizunguka uani, na kiganja kibichi kikipiga udongo.

"Baba, uko hapa?" mke alinong'ona.

"Niko hapa."

"Kule yuko nani?"

Alimeza tonge. "Mota ya gurudumu inapoa."

"Inapoa kwa kupiga makofi?"

Aliharakisha kula, akaenda kutia alama chombo cha pili. Dole gumba halikuacha alama. Lilikuwa laini kama mgongo wa kijiko. Mwingine angetishika. Yeye alitumia kidole cha shahada. Nacho kikawa laini, akatumia cha kati, na hivyo hivyo, chombo kwa kidole, hata mkono wa kulia ukaisha akahamia wa kushoto.

Chombo cha kumi kilikuwa gudulia pana lisilo na vishikio, lenye jani moja linaloanguka. Nasema linaloanguka, kwa maana kila ulipolipa kisogo kisha ukageuka, ulilikuta limeshuka kidogo. Mgeni mmoja alilia mbele yake. "Fundi, umewezaje?" Fundi akafumba macho. "Asili huninong'oneza." Akalitia alama kwa kidole cha mwisho, kile kidogo cha kushoto.

Jioni ile mikono yake ilipauka kama udongo usiochomwa. Vidole vilikataa kukunjika. Alipojaribu kushika kijiko, ufa mwembamba ulipita kiganjani, na badala ya damu likadondoka vumbi.

Mke ndiye aliyemlisha. "Fungua mdomo, Mwana wa Asili," alisema, huku machozi yakimtoka. Hapo ndipo mumewe alipomweleza yote.

Mganga aliyeitwa alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, asiye na haraka wala subira na wajinga. Alifukiza ubani kidogo. "Huu ni wa pua zangu," alisema. "Nyumba yenu inanuka." Kisha akaigeuza ile mikono kama mtu achaguaye viazi.

"Kumi vyote umevitumia?"

"Ndiyo, mama."

"Ungekuwa na ishirini?"

Mume akaitazama mikono yake.

"Ungetumia ishirini," mganga akajijibu. "Sasa sikiliza. Aliyeko kule hakutaka damu yako. Ulimbomolea nyumba, akakudharau tu, akawa anakusahihisha kazi. Wewe ukamwibia. Kesho adhuhuri utavipakata vyombo, kimoja kimoja, na kwa kila kimoja utasema maneno mawili: si changu. Usiongeze neno. Ukiongeza, vidole utakavyokuwa umerudishiwa vitachukuliwa upya, na mimi sirudi."

Adhuhuri ya siku ya pili mlango wa karakana ulifungwa kwa ndani, mume, mke na mganga wakiwamo. Alipakata bakuli la kwanza, akasema, "Si changu," na dole gumba likapata joto, likakunjika. Akasema la pili, na la tatu, na kadiri alivyoendelea harufu ya mvua ilizidi kujaa chumbani, nailoni zikapanda na kushuka kama vifua vya watu waliolala, gurudumu likaanza kuzunguka polepole bila mguso wa mtu, na mke, aliyejibana ukutani akihesabu kwa midomo isiyotoa sauti, akaona udongo mbichi wa juu ya gurudumu ukididimia kwa alama za viganja ambavyo havikuonekana, vipana, vyenye subira, vikingoja. Mumewe akafika nane, akafika tisa, na vidole tisa vikawa hai.

Likabaki gudulia. Alilitazama. Jani lilikuwa limekaribia kufika chini.

"Si changu..."

"Nyamaza hapo hapo," mganga alinong'ona.

"...ila nilisaidia kidogo."

Gurudumu likasimama. Kutoka katika mdomo wa gudulia ikaja sauti ya chini, kama maji yanayoishia katika tundu.

"Ulisaidia wapi?"

"Ukingoni," akasema yule bwana. "Nilishika ukingoni."

"Basi shika."

Na mikono yake ikainuka yenyewe, mmoja huku na mmoja huku, ikaushika ukingo, naye akavuta, akalia, akamwita mkewe, mkewe akamkumbatia kiuno akavuta pamoja naye, weupe ukapanda kutoka vidoleni hadi viganjani, kutoka viganjani hadi vifundoni, hata ikasikika sauti ndogo, kavu, ya chungu kinachokatika, na wote wawili wakaanguka chali.

Mganga alikusanya vitu vyake. "Maneno mawili," alimwambia mke. "Mawili tu."

Gudulia lile sasa lina vishikio viwili, vyenye vidole kumi, laini, visivyo na alama. Bwana Majani yu hai. Mkewe humshonea mashati yaliyozibwa ncha za mikono. Wageni wakija, yeye bado hufumba macho, akavuta pumzi ndefu. "Angalau vishikio," huwaambia, "ni vyangu." Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hadanganyi.

Aliyenisimulia kwanza ni mshonaji huyo, ambaye ni shangazi yangu, na alinisimulia akiwa anashona shati. Maneno ni yake, hofu ni yake. Mimi nimeyapanga tu kidogo...

Hapana, waungwana. Nimelifuta hilo. Hadithi hii si yangu.