Deraya Iliyogonga Nguzo Mara Mbili

Kisahani cha mpira cha hoki ya barafu kilifyatuka kutoka mdomoni mwa mtambo kwa kasi ya kilomita mia na sitini kwa saa, na kabla Wakesho Mghanga hajakiona, mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshakidaka. Alifungua glavu akakitazama. Kweli kilikuwa mle ndani, na kweli yeye hakuwa amefanya lolote.

"Unaionaje?" Injinia Oduya aliuliza kutoka ukingoni mwa barafu, mikono kaificha kwapani kwa baridi.

"Naona mkono wangu siku hizi unaondoka bila kuniaga."

Oduya alicheka. Alikuwa mtu wa kupenda kueleza, na asubuhi ile, katika uwanja wa barafu wa Embakasi uliopozwa kwa umeme wa mvuke wa Bonde la Ufa, alikuwa amepata msikilizaji asiyeweza kukimbia. Vazi alilojaribu Wakesho liliitwa deraya tabiri. Kofia yake ilikuwa na mboni kumi na mbili zilizosoma bega la mpigaji kabla gongo halijagusa kisahani. Mboni zilipeleka habari kwenye bongo dogo la mashine lililoshonwa mgongoni, nalo likaamuru nyuzi-misuli, yaani nyuzi nyembamba zinazojikunja zikipitiwa na umeme, zimsukume mlinda lango pale kisahani kitakapofika. Deraya nzima ilikuwa nyepesi kama koti la mvua. Pedi alizoanzia Wakesho zilikuwa zikilowa jasho zinageuka gunia la viazi.

"Na hilo bongo limesomea wapi?"

"Kwako, dada. Ile misimu yako mitatu ya ubingwa, kila mechi, kila mazoezi. Mwezi ujao tunapeleka deraya arobaini mashuleni. Wewe hata ukistaafu, hutakuwa umestaafu."

Wakesho alifurahi, tena sana. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Ijumaa yangetangazwa majina ya timu ya kwanza ya taifa kwenda Kombe la Dunia la hoki ya barafu, na kila mtu alijua kwamba hii ndiyo nafasi yake ya mwisho. Benchini aliketi Naserian, mlinda lango wa pili, binti wa miaka kumi na tisa, na pedi zake za kawaida, akingoja zamu ya mazoezi. Yeye alikuwa ameijaribu deraya hiyo wiki nzima iliyopita.

Mtambo ulinyamaza kidogo ili ujazwe visahani. Hapo deraya ikainua mkono wa Wakesho yenyewe, na gongo likagonga nguzo ya goli mara mbili.

"Hiyo tumeiacha makusudi," Oduya alisema kwa fahari. "Ndiyo alama yako."

Ni kweli, ilikuwa alama yake. Hakuna msichana wa ligi aliyesimama golini siku hizi bila kugonga nguzo mara mbili. Watangazaji walisema ni dua ya Wataita, watu wa kwao, na Wataita wenyewe wakaanza kuamini. Lakini Wakesho alijua kule kugonga kulitoka wapi, na furaha yake yote ikamtoka.

"Nirushie upande wa kulia," alisema. "Kumi mfululizo."

Mlinda lango aliyepiga magoti, akitaka kwenda kulia, huinua mguu wa kushoto na kujisukuma nao. Hilo hufundishwa siku ya kwanza. Deraya ilimwinua kwa mguu wa kulia, mara zote kumi, ikiukunja mwili ili iufikishe pale. Visahani vyote kumi ilivizuia. Kufikia cha saba, nyonga yake ya kulia ilikuwa inawaka moto.

Miaka sita nyuma, nyonga yake ya kushoto ilichanika. Kanuni ya shirikisho ilikuwa wazi: anayeficha jeraha hufungiwa miaka miwili, hata ligunduliwe lini. Wakesho alificha. Alijifunza kuinuka kwa mguu wa kulia tu, na kila mchezo ulipotulia aliigonga nguzo ili apate kisingizio cha kuiegemea. Alicheza hivyo misimu mitatu, ile ile ya ubingwa, kisha akaenda kutibiwa kimyakimya. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye alikuwa anaumbuliwa na nguo.

"Naserian," aliita. "Nyonga yako ya kulia ikoje?"

"Iko sawa, dada."

Alijibu upesi mno. Wakesho aliijua hiyo "iko sawa". Alikuwa ameisema yeye mwenyewe miaka mitatu.

"Mimi si kocha. Niambie."

Naserian aliinamisha kichwa. "Inauma nikipanda ngazi. Nilidhani ni ugeni wangu tu. Deraya si inajua kuliko mimi?"

Wakesho aliketi pale pale juu ya barafu. Angeweza kusema nyuzi za kushoto zina hitilafu. Oduya angezibadilisha nyuzi, na bongo lingebaki vilevile, likiwainua wasichana arobaini kwa mguu mmoja. Aliogopa, na akasema yote huku anaogopa.

Oduya aliitoa mikono kwapani. "Nikiifuta misimu mitatu, nitatakiwa kuandika sababu. Na majina ni Ijumaa."

"Ijumaa naijua, Injinia. Andika."

Naserian alikuja kumsaidia kufungua vifungo vya mgongoni. "Na kule kugonga nguzo, dada?"

"Nilikuwa naegemea, mama. Nilishindwa kusimama."

Binti alikwenda golini na pedi zake za kawaida, mtambo ukawashwa tena. Mkono wake uliinua gongo kuelekea nguzo kwa mazoea, ukasita katikati, kisha ukalirudisha chini. Akakunja magoti yote mawili, akangoja.

Kisahani kilikuja kulia. Naserian alijisukuma kwa mguu wa kushoto, akachelewa, kikaingia wavuni.

Wakesho akampigia makofi.