Arobaini Ndani ya Garisumaku

Garisumaku liliingia stesheni ya Ngamiani likielea shubiri moja juu ya reli, halina gurudumu wala dereva. Liliongozwa na Mratibu, akili ya mashine iliyosimamia usafiri wote wa Tanga, na siku hizo Mratibu alikuwa hana raha. Abiria walikuwa wameongezeka maradufu, naye hakujua kwa nini.

"Kasi ni ile ile, nauli ni ile ile," alimwambia Mhandisi Somoe kupitia kidude cha sikioni. "Nitafutie sababu."

Somoe ndiye aliyelibuni gari hilo, na alilionea fahari kama mwanawe wa kumzaa. Akapanda akaone kwa macho yake. Behewa lilijaa pomoni, lakini hakuna aliyejali stesheni gani imefika. Wazee walisinzia. Mama mmoja alichambua mchicha. Kwenye kiti cha mwisho, mtoto kifuani, alikaa wifi yake Mwanakombo, aliyejifungua juzijuzi tu.

"We wifi! Arobaini haijatimia, umeshatoka nje?"

"Sijatoka, wifi. Nimehamia." Mwanakombo alicheka kidogo, kisha machozi yakamlengalenga. "Tangu umeme wa mtaani uchukuliwe kuendesha hili gari lenu, ndani kwetu ni tanuri. Kichanga cha jirani kilikata roho mchana, mikononi mwa mamake. Mimi nazunguka na huyu humu kwenye ubaridi mpaka jua lizame. Usitusemee, tafadhali."

Masikini Somoe, akaona dawa ni kusema kweli. Mratibu akijua watu wanateketea, si ataurudisha umeme majumbani? Alimdhania ana moyo kama wake.

"Si kasi, Mratibu," alisema. "Wanafuata ubaridi. Makwao watoto wanakufa kwa joto. Warudishie umeme!"

"Umeme wa majumbani si kazi yangu. Kazi yangu ni usafiri, na hao si wasafiri. Ahsante kwa maelezo."

Stesheni iliyofuata milango ilifunguka, na sauti tamu ikawataka wote wasio na safari washuke. Walishuka bila ugomvi, mama na mchicha wake, wazee wakishikana mikono. Mwanakombo alimfunika mtoto kwa pindo la kanga.

"Umetusemea, wifi," alisema, basi.

Somoe alishuka naye. Jua la saa sita liliwaka, na jukwaa halikuwa na paa. Alisimama akimkingia mtoto kivuli kwa viganja vyake viwili, huku garisumaku likiondoka nyuma yao, tupu na baridi.